Neno la Siri la Ofisi Nzima

Kila siku ya shule, ikifika saa tisa kasorobo, Chiriku aliingia katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo kama mtumishi aliyeajiriwa. Alipita pembeni mwa foleni ya watu, akasukuma mlango wa ubavuni, akatundika mkoba wake kwenye msumari uleule, kisha akaanza kusalimia.

"Shikamoo mama! Shikamoo babu! Leo foleni ni ndefu, mmoja pale nje ana mapacha, tena wamefanana mpaka basi!"

"Marahaba," mama yake alimjibu bila kugeuka. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa dirishani, na mikono yake ilikuwa na kazi. "Kaa, unywe maji, upumue. Maneno yatakusubiri."

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na jina lake la kweli lilisikika tu mwalimu alipoita mahudhurio. Kwingineko kote aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Nyumbani kwao mchana hapakuwa na mtu, kwa hiyo alimsubiri mama yake pale ofisini mpaka saa kumi na nusu, wakaondoka pamoja. Hakuna aliyeona ubaya. Mkuu wa ofisi mwenyewe alikuwa akimtania kwamba siku moja atamwandikia barua ya ajira.

Babu aliyesalimiwa hakuwa babu yake wa damu. Alikuwa karani mkuu, mzee mwembamba aliyekuwa amebakiza chini ya mwaka mmoja kustaafu. Ofisi nzima ilimwita Mzee Miwani. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuonea mbali, na kila siku aliitafuta moja huku akiwa ameivaa kichwani.

Ndani ya ofisi mlikuwa na makabati ya chuma, feni iliyozunguka huku ikilalamika, na kompyuta moja. Siku ilipoletwa, miaka miwili nyuma, fundi alimfungulia Mzee Miwani jina la kuingilia. Kuhusu wengine, alisema watafunguliwa yao makao makuu yakijibu barua. Barua iliandikwa. Jibu halikuja, na hakuna aliyejisumbua kuandika ya pili. Basi wote wakawa wanaingia kwa jina la Mzee Miwani: yeye mwenyewe, mama Chiriku, na mkuu wa ofisi.

Neno la siri liliandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa chini ya stepla. Lilikuwa "karibu", likifuatiwa na moja, mbili, tatu, nne. Neno la siri, jamani, na linakaribisha wageni! Mkuu wa ofisi alipolisahau, alipaza sauti kutoka chumbani kwake, "Paswadi ni ileile?" Naye Mzee Miwani alijibu kwa sauti, "Ileile, mkuu! Karibu, moja mbili tatu nne!" Foleni yote ilisikia. Mama muuza chai alilijua. Chiriku alilijua kuliko alivyolijua jina la shangazi yake.

Fundi aliacha pia kisanduku cheusi, ukubwa wa kiganja, akaagiza kila Ijumaa wanakili humo kumbukumbu zote, ili kompyuta ikiharibika pawe na akiba. Ijumaa ya kwanza walinakili. Ijumaa ya pili palikuwa na watu wengi. Baadaye kisanduku kikaonekana kinafaa sana kukandamiza karatasi zisipeperushwe na feni.

Kila asubuhi kompyuta ilileta ujumbe kwamba kinga yake dhidi ya virusi imepitwa na wakati, na kila asubuhi Mzee Miwani alibonyeza palipoandikwa "Nikumbushe baadaye". Alimweleza Chiriku hivi, siku alipomruhusu kuchapa barua ndogo: "Mjukuu wangu, mashine hii ina maswali kama mtoto wa miaka minne. Ikikuuliza kitu, wewe bonyeza ndiyo, ikurudishe kwenye kazi."

Hata hivyo, mzee huyo alikuwa na tabia moja ya zamani. Kabla ya kumwingiza mtoto kwenye kompyuta, alimwandika kwanza katika daftari kubwa lenye jalada gumu: jina, siku, mahali, baba na mama. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa kupendeza. Chiriku alipoona hivyo hakuweza kujizuia.

"Babu, unaandika mara mbili? Mkono wako hauombi likizo? Hiyo ni kazi ya enzi zile za wino wa kuchovya! Kila kitu kiko kwenye kompyuta, babu."

Mama yake alicheka. Mkuu wa ofisi, aliyekuwa akipita, alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Miwani naye akacheka, lakini kidogo tu. Wiki hiyohiyo daftari lilipanda juu ya kabati, na Chiriku hakuliona tena wala hakuuliza.

Miezi minne ilipita. Ikaja Alhamisi moja ambayo Chiriku angetoa chochote ili irudi nyuma.

Mwalimu alikuwa amewaagiza wanafunzi walete mchoro wa mfumo wa kusaga chakula. Wenzake walichora kwa mkono. Chiriku aliona aibu ya mchoro wake, kwa maana tumbo alilolichora lilifanana na buli la chai. Rafiki yake wa dawati moja akamwazima flashi yenye picha safi, aliyokuwa amejaziwa kwenye kibanda cha kutoa nakala karibu na soko.

"Printi kwa mama yako," rafiki alimwambia. "Wewe si una ofisi?"

Saa tisa na dakika kumi hivi, mama Chiriku alikuwa dirishani na bibi mmoja aliyekuwa mzito wa kusikia. Mkuu wa ofisi alikuwa mkutanoni. Mzee Miwani alikuwa ametoka kunyoosha miguu, kama desturi yake. Chiriku aliketi, akaandika neno la siri bila kulitazama, akachomeka flashi.

Kisanduku kidogo cha njano kikatokea katikati ya kioo. Kilikuwa na maneno mengi, na mwisho wake palikuwa na swali: Ruhusu? Chiriku hakusoma. Alibonyeza ndiyo. Picha ikafunguka, akaitoa kwa printa, akachomoa flashi, akairudisha mfukoni. Kazi yote haikuzidi dakika tano. Kesho yake alipata alama kumi na nane kwa ishirini, na mwalimu akaubandika mchoro ule ukutani, mbele ya darasa.

Ijumaa hiyo alipofika ofisini, foleni ilikuwa imefika barabarani. Ndani hapakuwa na aliyeitikia salamu. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, chenye maandishi mekundu. Yalisema kwamba majalada yote yamefungwa, na anayeyataka ayalipie.

"Yote?" Chiriku aliuliza.

"Yote," mama yake alisema. "Vizazi vya miaka miwili. Hata jina la mtoto mmoja halifunguki."

Chiriku alitia mkono mfukoni, akaigusa ile flashi ambayo hakuwa ameirudisha kwa mwenyewe. Siku hiyo alikaa kwenye kiti chake mpaka saa kumi na nusu bila kusema neno, na kwa sababu kila mtu alikuwa amechanganyikiwa, hakuna aliyeshangaa.

Jumatatu makao makuu yalileta mkaguzi wa kompyuta, dada mmoja mpole mwenye begi la mgongoni. Alikaa mbele ya ile mashine siku nzima. Jumanne alasiri aliwakusanya wafanyakazi, na Chiriku akasikia kila kitu kutoka nyuma ya kabati.

"Kompyuta huandika kila inachofanyiwa," mkaguzi alisema. "Alhamisi, saa tisa na dakika kumi na mbili, ilichomekwa flashi yenye kirusi. Kinga ilikuwa ya zamani mno, ikauliza tu, na mtu akaruhusu. Aliyekuwa ameingia wakati huo ni wewe, mzee."

Mzee Miwani alivua miwani, akavaa nyingine. "Mimi sina flashi, binti yangu."

"Jina ni lako."

"Jina ni langu, ndiyo." Aliikunja miwani ile ya kwanza. "Jina ni langu."

Mkuu wa ofisi alijikuna kichwa, akatazama sakafu. Alijua vizuri kwamba jina lile lilikuwa la kila mtu, lakini hakufungua kinywa. Mzee Miwani akaambiwa arudishe funguo, akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Ikithibitika ni yeye, angefukuzwa kazi kabla ya siku yake ya kustaafu kufika, baada ya miaka thelathini na minne ambayo hajawahi kuandikiwa barua ya onyo hata moja.

Wakati akitoka alimkuta Chiriku mlangoni. "Vipi, mjukuu wangu? Leo umemeza ulimi?"

Chiriku alifungua kinywa. Maneno, ambayo siku zote yalimjia kwa fujo, hayakuja. Aliwaza kwamba akisema, mama yake ndiye atakayefukuzwa, maana ndiye aliyemleta mtoto ofisini. Akisema, amemponza mama. Akinyamaza, amemponza babu. Mzee Miwani alimpigapiga begani, akaenda zake na kikombe chake cha bati mkononi.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Darasani mchoro wake ulimtazama kutoka ukutani. Nyumbani chakula hakikupita kooni. "Una homa?" mama yake alimuuliza, akamshika paji la uso. "Mbona nyumba imepoa hivi?" Chiriku alisema ana usingizi tu. Alimrudishia rafiki yake flashi, akamwambia asiichomeke popote, ila hakumweleza kwa nini.

Jumamosi mama yake alifunga vitu vya Mzee Miwani katika mfuko: kalamu zake, mto wa kiti, na ile miwani ya kuonea mbali, aliyokuwa ameisahau. "Twende tumpelekee," alisema. "Mzee wa watu asije akadhani tumemtupa."

Walimkuta sebuleni. Alikuwa amevaa shati jeupe na tai, amenyoosha suruali, viatu vinang'aa, kama mtu anayetazama saa asichelewe kazini. Mkewe aliwapokea mlangoni na kuwanong'oneza, "Kila siku anavaa hivyo alfajiri. Anakaa hapo mpaka jioni."

Walisalimiana. Chai ikaletwa. Mama Chiriku alijaribu habari za hapa na pale, lakini Mzee Miwani alikuwa mbali kimawazo, ameshika tama.

"Nakaa nafikiri," alisema hatimaye. "Nafikiri siku ile ya Alhamisi, dakika kwa dakika. Nilitoka kunyoosha miguu, nikarudi. Mimi naamini sikuchomeka kitu. Lakini kompyuta haina sababu ya kunisingizia, au siyo? Basi huenda nilichomeka nikasahau. Miwani naisahau kila siku, seuze flashi." Alicheka, na kicheko chake kikakatika. "Mke wangu, huenda umeanza kuishi na mtu asiye na kumbukumbu. Afadhali wangeniambia mwizi. Hili la kutojiamini kichwa changu mwenyewe, hili linaniumiza."

Chiriku aliweka kikombe chini.

"Babu, hujasahau kitu," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, bila kupumzika: tumbo kama buli la chai, flashi ya rafiki, kisanduku cha njano, ndiyo. Mama yake alikuwa amefumba macho.

"Siku tisa," mama alisema taratibu. "Siku tisa unamwona mzee wa watu anateketea, na wewe unakula na kulala?"

"Nilidhani watakufukuza wewe, mama."

"Na wangenifukuza! Ingekuwa haki yangu, si yake!"

Mzee Miwani aliinua mkono. Alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Mwache kwanza. Mwache. Kumbe kichwa changu ni kizima." Alimgeukia mkewe. "Umesikia? Kizima!"

Jumatatu asubuhi Chiriku hakwenda shule kwanza. Mama yake alimshika mkono mpaka mbele ya mkaguzi, naye akapiga moyo konde, akasimulia tena, safari hii kwa kusitasita. Mkaguzi aliandika kila neno. Kisha akainua stepla, akabandua kile kikaratasi, akakiweka mezani mbele ya mkuu wa ofisi.

"Nilidhani natafuta mtu mmoja mwenye kosa," alisema. "Mtoto huyu amekosa. Lakini neno la siri linajulikana mpaka kwenye foleni. Jina moja linatumiwa na watu watatu. Kinga imeahirishwa siku mia nne. Diski ya akiba inazuia karatasi zisipeperuke. Mkuu, hata asingekuja mtoto, angekuja mwingine. Na mlipoona mzee anaondoka kwa kosa ambalo yeyote kati yenu angeweza kulifanya, mlinyamaza."

Mkuu wa ofisi na mama Chiriku waliandikiwa barua za onyo. Mzee Miwani alirudishiwa funguo zake. Safari hii jibu la makao makuu lilikuja kwa siku mbili, na kila mmoja akapata jina lake na neno lake la siri, asilolitamka wala kuliandika. Chiriku akapigwa marufuku kuvuka ule mlango wa ubavuni.

Ilibaki kazi ya kuwarudisha watoto waliopotea. Mzee Miwani alipanda kiti, akashusha daftari kubwa kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi. Humo mlikuwa na watoto wote walioandikishwa katika mwaka mmoja na miezi minane ya kwanza ya kompyuta, kila mmoja kwa mwandiko wake wa kupendeza. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu. Miezi minne haikuwa popote.

"Kwa nini uliacha kuandika, mzee?" mkaguzi alimuuliza.

Chiriku alikuwa nje, chini ya dirisha, kwenye benchi la wanaosubiri. Aliposikia swali hilo alijua jibu kabla halijatolewa, akaona afadhali ardhi ipasuke.

"Aa, uvivu tu wa uzeeni," Mzee Miwani alijibu. Hakumtaja mtu.

Miezi mitatu walichapa upya yaliyokuwa kwenye daftari. Waliozaliwa katika ile miezi minne walitafutwa kwa matangazo na kwa simu, wazazi wakaombwa warudi na vyeti vya hospitali. Wengi walirudi, wengine wakinung'unika, wengine wakitukana waziwazi. Kila siku Chiriku alikaa kwenye benchi akawaona wakipita. Siku ya mwisho ya Mzee Miwani kazini, walikuwa wamebaki watoto arobaini na mmoja ambao wazazi wao hawakuwa wamerudi.

Siku hiyo, saa kumi hivi, mama mmoja alifika na mtoto mgongoni, akaketi kando ya Chiriku akihema.

"Nimeambiwa nije tena," alisema. "Eti mwanangu amefutika kwenye kompyuta. Hebu niambie, kompyuta inamfutaje mtu aliyezaliwa? Nani alifanya ujinga huo?"

Chiriku angeweza kusema hajui. Yule mama asingegundua kamwe.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilichomeka flashi nisiyoijua, nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Samahani sana."

Yule mama alimtazama. "Nimebadilisha gari mara mbili kuja hapa," alisema. "Na huyu amekesha na homa." Chiriku alimpokea mfuko wake, akauweka kivulini.

Mlango ukafunguka, Mzee Miwani akatoka na tai yake. Alikuwa amesikia. Aliketi kwenye ncha ya benchi.

"Mjukuu wangu, nakuachia maneno haya, maana kesho sipo. Sisi tuligawana neno la siri kama watu wanaogawana chumvi, tukaona ndio upendo. Kumbe majina yaliyomo mle ndani si yetu, ni ya watu kama huyu mama. Wametukabidhi tuwatunzie, na sisi tukaacha mlango wazi kwa sababu tulikuwa na haraka. Kitu cha watu kinatunzwa hata siku ambayo hakuna anayetazama. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Wewe ulisema, lakini ulichelewa siku tisa, na hizo siku tisa mimi nilizeeka sana."

"Na daftari, babu," Chiriku alisema. "Ni mimi niliyekucheka."

"Ulinicheka. Lakini mimi ndiye niliyeacha, na mimi ndiye mtu mzima." Aliinuka, akaitafuta miwani ya kusomea, akaikuta kichwani. "Haya mama, pole kwa safari. Karibu ndani, huyu awe mtoto wangu wa mwisho."

Kupitia dirishani Chiriku alimwona akifungua daftari kubwa kwanza, akaandika taratibu: jina, siku, mahali, baba na mama. Kisha mama Chiriku akawageuzia wote kisogo cha kompyuta ili wasione anachoandika, akaingia kwa jina lake mwenyewe, akachapa. Yule mama akatoka na cheti mkononi, akachukua mfuko wake, akamwinamishia Chiriku kichwa kidogo, akaenda zake.

Chiriku alihesabu kimoyomoyo. Walibaki arobaini.